Je, Mwenye Kuhesabu Akiba Yake ni Bakhili?

Kuna swali ambalo huulizwa barazani kwa mzaha, walakini lastahiki kujibiwa kwa dhati. Mtu ameazimia kukusanya fedha kwa jambo maalumu: kwenda Hija, au kuibomoa nyumba ya makuti akaijenga ya mawe, au kumsomesha mwanawe. Akanunua daftari, na kila mwisho wa mwezi huketi akaandika: nilikusudia kuweka kiasi hiki, nimeweka kiasi hiki, bado kiasi hiki. Wenziwe wakipata habari humcheka. Mmoja humwita bakhili. Wa pili humwambia kwamba riziki yatoka kwa Mwenyezi Mungu, na mwenye kuhesabu sana imani yake ni haba. Wa tatu humkumbusha kwamba ana jamaa wenye shida, na fedha zilizofungiwa ni fedha walizonyimwa wao. Je, maneno haya ni kweli? Na ikiwa si kweli, mbona yapendwa na watu wengi, hata watu wema?

Jawabu letu ni kwamba mtu yule haifanyi kazi anayodhaniwa kuifanya. Wao wamwona akihesabu fedha; sisi twaona kwamba anahesabu neno lake. Fedha kwake ni kipimo, kama pishi ilivyo kipimo cha mchele, na hapana mtu mwenye akili apendaye pishi kwa ajili ya pishi. Kinachopimwa katika daftari lile ni umbali uliopo baina ya alilolinuia na alilolitenda. Mtu asiyejua umbali huo katika jambo jepesi kama shilingi, ambayo yaonekana na yahesabika, ataujuaje katika mambo yasiyoonekana?

Wengi hawatofautishi baina ya kutaka na kukusudia. Kila Mwislamu ataka kwenda Makka. Muulize yeyote, atakwambia, na huenda machozi yakamlengalenga. Lakini muulize tena: wakusudia kwenda mwaka gani, zahitajiwa fedha ngapi, na mpaka leo unazo ngapi? Hapo utapata kimya, au utaambiwa, Inshallah, Mungu akijaalia. Neno hili ni tukufu, na mwenye kuazimia jambo la kesho yampasa kulisema. Lakini tumefundishwa lifuatane na kazi. Hatukufundishwa likae mahali pa kazi. Mwenye kusema Inshallah miaka ishirini na asiweke hata shilingi moja hakumtegemea Mungu, bali amelifanya jina Lake kuwa udhuru. Kutaka hakuna tarehe wala kiasi. Kukusudia kuna vyote viwili, na vikisha kuwapo, hisabu yafuata, mtu apende asipende.

Na tuanze na yule asemaye kwamba kuhesabu kwaharibu tawakuli. Nani asiyejua habari ya bedui aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu? Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Na tukitazama katika Qur'ani, kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) ni kisa cha akiba toka mwanzo wa shauri lake kwa mfalme. Hakuwaambia watu wa Misri wawe na tahadhari tu, basi. Aliwatajia miaka saba ya kulima na miaka saba ya shida, akawaambia nafaka iachwe katika mashuke yake, na kiliwe kidogo tu. Huo ni muda, ni kiasi, na ni njia ya kuhifadhi. Na alipoomba awekwe juu ya hazina za nchi, alijitaja kwa sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Hakutosheka na moja. Mwenye kuhifadhi asijue alichohifadhi ni mlinzi aliyelala, na mwenye kujua asihifadhi ni mshauri wa watu wengine tu.

Isitoshe, dini yetu ni dini ya hisabu. Swala zina nyakati, Ramadhani ina siku, eda ina muda, zaka ina kiwango, na mirathi ina mafungu ambayo hata mtoto wa chuoni hufundishwa kuyagawa. Mwezi mwandamo wenyewe umewekwa ili watu wajue nyakati zao na wakati wa Hija. Huyu ambaye moyo wake huhisi uzito akiona tarakimu, na aseme siku ya kufa baba yake atarithishana na nduguze kwa kukisia?

Wanavyuoni wa zamani waliliona jambo hili vizuri kuliko sisi. Harith al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra na kufariki Baghdad mwaka wa 243 H. (857), alipata lakabu yake kwa sababu ya kuihisabu nafsi yake. Baada yake, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 H. (1111), aliweka katika Ihya kitabu kizima juu ya kuichunga nafsi na kuihisabu, na mfano alioutumia ni wa wafanya biashara. Mwenye mali akimpa mshirika wake rasilmali, kwanza huwekeana naye masharti, kisha humwangalia, kisha huketi naye wakafanya hisabu, wakaona rasilmali imebaki ngapi, faida ngapi na hasara ngapi. Vivyo hivyo akili yaketi na nafsi. Tazama, basi, jinsi mambo yalivyogeuka! Imamu alichukua daftari la duka akalitia katika tasaufi, na sisi, wenyeji wa miji iliyojengwa na biashara ya majahazi, twaona aibu kuwa na daftari hata kwa fedha zenyewe.

Sasa natutazame kazi ambayo hisabu ya mwezi huifanya, kwani faida yake si ya moyo peke yake. Tuchukue mfano. Mtu akusudia kukusanya shilingi 360,000 katika miezi 36. Yampasa kuweka 10,000 kila mwezi. Lakini kwa kweli huweka 7,000, kwa kuwa kila mwezi kuna jambo: mara mkono wa Idi, mara mgeni wa ghafula, mara bati limevuja. Akifanya hisabu mwisho wa mwaka wa kwanza, ataona ana 84,000 badala ya 120,000. Zimebaki 276,000 kwa miezi 24, yaani 11,500 kila mwezi. Ni nyongeza ya 1,500 juu ya ahadi yake ya kwanza. Ni uzito, lakini mtu aweza kuubeba. Ama akikaa mpaka mwezi wa 30 ndipo atazame, atakuta 210,000. Zimebaki 150,000 kwa miezi sita, nazo ni 25,000 kila mwezi. Huo si uzito tena, ni muhali. Ataliacha jambo lenyewe, na atasema halikuandikwa.

Upungufu wa watu hawa wawili ni mmoja, shilingi kwa shilingi. Tofauti yao ni kwamba mmoja alijua mapema na wa pili alijua wakati kujua hakumfai kitu. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu husoma methali hii wakaikazia macho ile "hupotea". Sisi twaona uchungu wake uko katika yale maneno mawili ya mwisho. Mali kupotea ni jambo la dunia. Hata mwenye daftari hupotelewa. Balaa ni kupotea bila habari, bandu bandu mpaka gogo likaisha, na mwenyewe asijue ni siku gani lilianza kuchongwa.

Huenda mtu akatwambia kwamba siku hizi hakuna haja ya daftari, kwani tangu ilipokuja M-Pesa mwaka wa 2007, kila mtu atoleapo au apokeapo fedha huletewa ujumbe wa kumwonyesha salio lake. Ndugu msomaji, salio si hisabu. Salio lakwambia kilichobaki, halikwambii ulichoahidi. Mtu aweza kulitazama salio mara kumi kwa siku na asijue kama amekaribia lengo lake au ameliacha nyuma, kama nahodha aijuaye kasi ya chombo chake asijue aelekea bandari gani. Hisabu yataka vitu vitatu vikae pamoja mbele ya macho: nilichonuia, nilichotenda, na kilichobaki. Ukiandika kwa kalamu au ukiandika katika simu ni mamoja, madhali yote matatu yapo.

Na tutazame jambo jingine tulilonalo mijini mwetu, nalo ni upatu. Wanawake ishirini huchangishana kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao hupokea. Aghalabu mambo huenda sawa, na wengi katika hao, lau wangeambiwa waweke kiasi kile kile peke yao, wasingefika mwezi wa nne. Kwa nini? Kwa sababu katika upatu mtu huonekana. Akikosa, wenziwe watajua, na kijumbe atabisha hodi. Lakini katika akiba yake mwenyewe, mdai ni yeye na mdaiwa ni yeye, na mdaiwa huyu ajua udhaifu wote wa mdai wake. Ajua ni udhuru gani utapokewa. Daftari la mwezi ndilo kijumbe wa mtu aliye peke yake. Limwambia neno moja tu, hulikuleta, na halibembelezwi.

Tufike sasa kwenye shutuma ya ubakhili, ambayo ndiyo nzito. Msomaji aliyehifadhi japo juzuu ya mwisho atatukumbusha kwamba Sura ya al-Humaza yamlaumu mwenye kukusanya mali na kuihesabu. Ni kweli, na haifai kuipita sura hiyo kimya kimya. Lakini isomwe yote. Mtu alaumiwaye pale ni msengenyaji mwenye kuwadharau watu, na hukusanya akidhani mali yake itamfanya aishi milele. Hilo ndilo kosa: hisabu isiyo na mwisho ndani ya umri wenye mwisho. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika kitabu kizima cha habari za mabakhili, na jambo la ajabu katika kitabu hicho ni kwamba mabakhili wake wana hoja nzuri sana. Kila mmoja aweza kueleza kwa nini ubakhili wake ni hekima. Kwa hivyo si busara kumjua bakhili kwa maneno yake. Mjue kwa swali moja: zitatosha lini?

Bakhili hana jawabu la swali hilo. Akiwa na elfu ataka elfu mbili, na akiwa nazo ataka nne. Ama mwenye lengo ana jawabu lililoandikwa: zitatosha zikifika kiasi fulani, na siku hiyo zitatoka zote. Bakhili huhesabu ili zisitoke, na huyu huhesabu ili zitoke kwa mahali pake. Hata daftari lenyewe lamkumbusha mauti. Mtu hawezi kuandika miezi 36 mbele yake asijiulize kama ataiona yote. Ndiyo sababu twasema kwamba katika ukurasa wa kwanza wa daftari hilo yapasa iandikwe wasia: fedha hizi zi mahali fulani, ni za jambo fulani, na nikifa kabla ya kufika, wanangu wafanye hivi, katika mipaka ya sheria. Ni nyumba ngapi zimegombana kwa sababu ya fedha ambazo marehemu alizificha vizuri hata warithi wasijue kama zilikuwa zake au amana ya mtu?

Nguvu ya jambo hili dogo yaonekana katika habari ya Waislamu wa Malaya. Wanavijiji wao walikuwa wakijiwekea fedha za Hija majumbani, na wengi waliogopa benki kwa sababu ya riba. Wengine, zilipopunguka, waliuza mashamba na ng'ombe, wakarudi Mahaji walio maskini. Mwaka wa 1959 mchumi wao, Ungku Abdul Aziz, aliipelekea serikali shauri la kuanzisha chombo cha kuwekea akiba hiyo pasipo riba. Chombo hicho kilianza mwezi wa Septemba 1963, na wa kwanza kuweka walikuwa watu 1,281, waliokusanya dola za nchi yao 46,600. Gawanya hisabu hiyo, utaona ni kama dola 36 kwa kila mtu. Kiasi hicho hakikumfikisha mtu Jidda. Lakini kila mmoja alikuwa na kitabu, na katika kitabu ameandikiwa alipofika. Leo waweka akiba wa chombo hicho, kiitwacho Tabung Haji, ni mamilioni.

Na ili tuseme kweli yote, hata chombo hicho kilipatwa na msiba wa hisabu. Mwaka wa 2018 serikali ya Malaysia ilitangaza kwamba madeni yake yalikuwa yameizidi mali yake, na ikabidi baadhi ya mali zake zihamishiwe kampuni nyingine ili kiokoke. Funzo ni lile lile: mwenye kuweka na mwenye kuwekewa wote wahitaji daftari la kweli, na ukubwa wa jumba la benki haubadilishi jambo hili.

Kuhusu riba, hatutaki kurefusha, kwani wasomaji wetu wayajua maneno yake. Ilikuwa udhuru wa miaka mingi kwamba Mwislamu hana mahali halali pa kuweka. Udhuru huo umepungua nguvu. Katika mwaka ule ule wa 1963, Ahmad al-Najjar alifungua mjini Mit Ghamr, Misri, benki ya akiba isiyo na riba kwa ajili ya wakulima na watu wa kipato kidogo, akichukua mfano wa benki za akiba alizoziona Ujerumani. Haikudumu kupita mwaka wa 1967, lakini ilifungua njia. Hapa Kenya, benki mbili za kufuata sheria ya Kiislamu zilianza kazi mwaka wa 2008. Na asiyezitaka hizo, mkebe wa bati hautozi riba wala hautoi.

Linabaki swali la jamaa, nalo ndilo linalomtesa mtu mwema. Ana 200,000 za Hija. Mpwa wake yu hospitali na zatakiwa fedha leo. Je, azitoe? Na mwezi ujao binamu ana harusi, ataka mchango wa sare na mapambo. Je, azitoe pia? Mtu asiye na hisabu huwajibu wote wawili kwa neno moja. Akiwa mlegevu husema "chukueni", na baada ya miaka mitatu hana kitu na ana kinyongo na ukoo mzima. Akiwa mgumu husema "sina", na hilo ni jambo tunalotaka kulikemea. Kusema sina hali unazo ni uwongo, hata kama fedha zimekusudiwa Makka. Ni ajabu gani mtu kukusanya nauli ya kwenda kutubia huku aiongeza dhambi kila aombwapo! Na aseme kweli: ninazo, nazo zina kazi yake, katika fungu langu la kusaidia nimebakiwa na kiasi hiki, chukua.

Maneno hayo hawezi kuyasema ila aliye na fungu hilo. Kwa hivyo twashauri kwamba daftari la akiba lisiwe na safu moja ya lengo peke yake. Liwe na mafungu, na mafungu yana daraja. La kwanza ni haki: nafaka ya mke na watoto, wazazi wasiojiweza, na madeni. Haya si sadaka, na hapana Hija inayoyatangulia. Sheria yenyewe haimwiti mtu mwenye uwezo mpaka alipe deni lililofika wakati wake na awaachie wategemezi wake cha kula mpaka arudi. La pili ni kusaidia wenye shida, kiasi maalumu cha kila mwezi, kiwe kidogo. La tatu ni lengo lenyewe. Na la mwisho kabisa, likibaki kitu, ni yale ya kuonekana: sare, ngoma na biriani la watu wasioalikwa. Wengi katika miji yetu wameligeuza daraja hili juu chini. Hukopa harusi wakalipa matanga, kisha huja wakatwambia kwamba ni daftari lililoua udugu.

Na shida ikizidi fungu la kusaidia, kama mpwa yule aliye hospitali? Hapo hatusemi kwamba lengo lishikwe kwa meno. Husimuliwa juu ya Abdullah bin al-Mubarak, mwanachuoni na mfanya biashara wa Marw, aliyefariki mwaka wa 181 H. (797), kwamba alitoka kwenda Hija, na njiani akamwona msichana akiokota ndege mfu jaani. Alipouliza, akajua kwamba yeye na nduguye wamefikiwa na njaa hata mzoga umekuwa halali kwao. Akamwuliza wakili wake: tumebakiwa na fedha ngapi? Akaambiwa dinari elfu moja. Akaamuru zitengwe ishirini za kuwarudisha Marw, na zote zilizobaki apewe msichana yule, kisha akarudi kwao, akaona kwamba hilo ni bora kuliko Hija yao ya mwaka ule.

Kisa hiki hupendwa na waadhini wa tawakuli, nao hukisimulia ili watuonyeshe kwamba mwema hahesabu. Hebu kitazameni tena. Neno la kwanza alilolisema lilikuwa ni swali la hisabu. Hakutupa mfuko. Aliuliza ziko ngapi, akajua, akatenga ishirini za njia, ndipo akatoa mia tisa na themanini bila kutetemeka. Na wakili wake alikuwa na jawabu tayari. Aliweza kutoa kwa ukamilifu kwa sababu alijua kwa ukamilifu. Asiyejua anacho kiasi gani hutoa kidogo kwa hofu, au hutoa kikubwa kwa majuto.

Basi mwenye kulivunja lengo lake kwa ajili ya haki au dharura, na aandike pia: mwezi huu zimetoka kiasi hiki, kwa sababu hii. Asiufute ukurasa, wala asiuonee haya. Daftari la mwezi si jedwali la fahari, ambalo kila mstari lazima uwe mkubwa kuliko ule wa juu yake. Ni shahidi, na shahidi hutakiwa aseme yaliyokuwa. Mwezi ambao fedha zilipungua kwa kumtibu mgonjwa, na mwezi ambao zilipungua kwa sigara na vikao vya hotelini, kwenye salio yaweza kuwa sawa sawa. Katika daftari lililoandikwa sababu, ni mbingu na ardhi.

Liko jambo moja la mwisho ambalo kwalo hisabu hii si hiari. Akiba ikifika nisabu, nayo ni takriban gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha kwa thamani yake, na ikakaa mwaka, ina zaka ya fungu moja katika arubaini. Na kauli ya wanavyuoni wengi ni kwamba kuwekwa kwa ajili ya Hija hakuiondolei zaka hiyo. Na mwaka huo ni wa mwezi mwandamo, ambao ni mfupi kuliko mwaka wa mishahara kwa siku zaidi ya kumi. Mwenye kutoa zaka kwa kalenda ya ofisi pasipo kufidia tofauti hiyo, kila miaka 33 hukosa mwaka mmoja mzima wa haki ya maskini, na yeye adhani ameitimiza. Haijui siku iliyofika nisabu ila aliyeandika. Kwa hivyo anayemcheka mwenye daftari kwa jina la dini na atwambie: yeye zaka yake ameitoa kwa hisabu ya nani?

Ndugu zetu, hatukuandika haya ili watu wawe watumwa wa tarakimu. Mwenye kufungua daftari kila siku, akafurahi kwa shilingi na kuhuzunika kwa shilingi, amekwisha potea kwa njia nyingine, na huyo Sura ya al-Humaza yamtazama. Mara moja kwa mwezi yatosha. Mwezi uandamapo, mtu na aketi baada ya Isha na aandike mistari minne: nilinuia nini, nimetenda nini, nani ana haki juu ya hiki kilichopo, na mwezi ujao nitafanya nini. Kisha alifunge daftari alale. Akiishi, atafika kwa miguu yake. Akifa njiani, atakuwa amekufa akiijua njia, na watoto wake hawatagombana juu ya mkebe. Wa billahi taufiki.